Dhamana ya Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na jina lilikuwa limemkaa hasa, hata akiitwa kwa jina lake la kuzaliwa kwenye foleni ya hospitali alichelewa kuitika. Alikuwa dobi. Kazi hiyo hakuirithi kwa mtu, aliirithi kwa shida. Mumewe alipofariki alimwachia binti mdogo, vyumba viwili na sebule, ua wa kuanikia na mabeseni mawili, naye akaanza na vile alivyokuwa navyo. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya wauguzi, aproni za mpishi wa hoteli, na jezi za timu ya mpira iliyokuwa ikifungwa kila mara lakini ikifungwa ikiwa safi. Mikono yake iliishi zaidi majini kuliko nchi kavu.

Hakuwa akiandika majina ya wateja popote. Kila mmoja alikuwa na uzi wake, mshono mdogo aliouweka kwa ndani ya kola, pale ambapo hakuna anayeangalia. Muuguzi mwekundu, mpishi wa njano, timu bluu. Nguo za wapangaji wa yule bibi mwenye nyumba wa mtaa wa juu zilikuja zote pamoja katika mfuko mmoja, basi zote zilikuwa na uzi wa kijani, na kila mpangaji alitambulika kwa hesabu ya mishono yake. Mwenye chumba cha kwanza mshono mmoja, wa pili miwili, na kuendelea. Wapangaji wenyewe hakuwahi kuwaona. Aliwajua kwa mifuko yao.

Maana mifuko ndiyo iliyomjengea heshima. Kabla nguo haijagusa maji, Mama Povu aliingiza mkono katika kila mfuko, hata ule wa ndani ulioshonwa ukasahauliwa. Alichokikuta alikitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya rafu. Nguo ikikauka na kupigwa pasi, kile kitu kilifungwa kwenye karatasi kwa uzi wa mwenyewe na kubanwa na pini kifuani. Wateja walirudishiwa funguo, vifungo, vidonge vya kichwa, na safari moja jino bandia, ambalo mwenyewe alikanusha kabisa kwamba ni lake, kisha akatuma mtu kulichukua.

"Kilichoingia mikononi mwangu ni juu yangu," alikuwa akisema. Siku pasi ilipounguza koti la muuguzi, alikwenda kununua jingine mchana ule ule, akalishona uzi mwekundu, akalipeleka. Muuguzi alikuja kujua baadaye sana, na alijua kwa sababu koti lilikuwa jipya mno. Hiyo ndiyo dhamana aliyokuwa nayo Mama Povu. Haikuwa na karatasi wala mhuri, ilikuwa na mdomo wake tu.

Miaka ikapita, sabuni ikala ngozi. Vidole vilipasuka kwenye viungo, vikawa vinatoa damu kila akikamua shuka. Daktari alimwambia aache kutia mikono kwenye sabuni. Mama Povu akamuuliza, kwa upole kabisa, kama angependa avae koti chafu. Daktari akacheka, lakini dawa aliyoandika ilikuwa ile ile ya kujipaka usiku, na asubuhi maji yaliifuta.

Binti yake, alipopata kazi katika mji mwingine, mshahara wake wa mwanzo na uliofuata hakuula. Akanunua mashine ya kufulia. Iliwekwa katika chumba alicholala tangu utotoni, miguuni pa kitanda chake. Siku za mwanzo Mama Povu alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda hicho na kutazama nguo zikizunguka nyuma ya kioo, kama mtu anayetazama wajukuu wakicheza. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi vidole vyake viliziba. Aliweza kukamua limau bila kushtuka.

Mashine ilikuja na karatasi nzuri yenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Dhamana, miaka miwili. "Mama, itunze," binti alisema, naye akaitunza pale anapotunza vitu vya maana, chini ya godoro.

Kisha ikafika ile Jumamosi. Nguo za mtaa wa juu zilikuwa ndani, ovaroli za kazini, mashine ikizunguka vizuri, mara chumba kikanuka kama nywele zilizoungua. Ngoma ikasimama. Taa zake zikazimika. Mlango ukakataa kufunguka na ovaroli zikabaki zikielea mle ndani. Mama Povu alihangaika na bomba la chini mpaka maji yakamwagika sakafuni, akayazoa kwa kopo na matambara, akazitoa nguo, akazisuuza kwa mkono na kuzianika. Jioni, mfuko ulipofuatwa, aliutoa huku akili yake yote ikiwa kwenye mashine. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udobi kutoa nguo bila kuangalia rafu.

"Tuwapigie hao wenye dhamana," alisema wifi yake kesho yake. Huyu alikuwa dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti isiyojua chumba cha wagonjwa. Alikuja kila siku kunywa chai na kuulizia habari ambazo tayari alikuwa nazo.

Walipiga. Muziki ukacheza, ukakatika, sauti ikasema simu yao ni muhimu sana, muziki ukarudi.

"Kama ni muhimu hivyo, mbona hawaipokei?" wifi aliuliza. "Mimi simu ya mtu muhimu naipokea hata nikiwa bafuni."

Ilipopokelewa hatimaye, msichana mwenye sauti tamu alisema fundi atakuja. Lini, hakusema. Alionya jambo moja tu, kwamba mashine isifunguliwe na mtu yeyote. Nyuma ya mashine kulikuwa na lakiri ya karatasi yenye nembo ya kampuni, na lakiri hiyo ikichanika, dhamana imekufa. Fundi redio wa jirani, aliyekuwa amekuja na bisibisi yake mkononi, akarudishwa mlangoni.

Mama Povu akarudi kwenye beseni. Vidole navyo vikarudi kwenye kazi yao ya zamani.

Binti ndiye aliyesoma maandishi madogo. Alitumiwa picha ya ile karatasi, akapiga simu akiwa kazini, kwa sauti ya chini. "Mama, hapa chini wanasema dhamana ni kwa nguo za watu wa nyumba tu. Ukifulia watu kwa malipo, haihusiki."

"Na mashine ikiwa mbovu yenyewe?"

"Hawajaandika hivyo. Mama, fundi akija, usimwambie kwamba wewe ni dobi. Tafadhali."

Mama Povu alikuwa hajawahi kuombwa kuficha kazi yake. Lakini aliutazama mkono ulioshika simu, akaitikia.

Wifi aliupokea mpango huo kwa furaha isiyofichika. "Nguo tunaficha, midomo tunafunga. Ila wa kwako ndio ufungwe, wangu utahitajika."

Simu ya kwamba fundi yuko njiani ilikuja ghafla, asubuhi ya jua kali, kamba zote za uani zikiwa zimejaa. Wakaanza kukimbizana. Mashuka ya nyumba ya wageni yalisukumwa chini ya kitanda yakiwa bado mabichi. Makoti ya wauguzi yaliingia kabatini. Aproni za mpishi zikajazwa kwenye sufuria kubwa na kufunikwa. Zikabaki jezi za timu, zinachuruzika maji kamba nzima, namba mgongoni kuanzia kipa mpaka wa akiba.

"Jezi ziache," wifi alisema akihema. "Jezi nitazitolea maelezo mimi."

Fundi wa kampuni alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu ya mtu anayelala kidogo, ovaroli yake ya buluu imefifia magotini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa jambo hilo tu Mama Povu akaona aibu ya kumdanganya inampanda. Kupita uani, fundi akasimama mbele ya kamba.

"Mama, hapa mnaishi wangapi?"

"Tuko wengi," wifi akadakia. "Watoto wa kaka yangu. Alikuwa mtu wa uzazi, Mungu amrehemu."

"Na wote wanacheza mpira?"

"Wote. Uko kwenye damu."

"Hata huyu wa saizi hii?" Fundi alishika jezi ya kipa, ambayo ingeweza kumvika yeye na wifi kwa pamoja.

"Huyo ndiye kifunga mimba," wifi alisema bila kupepesa. "Ndiyo maana tukakomea hapo."

Fundi alitabasamu kidogo, akafuata njia ya chumbani. Alipiga magoti nyuma ya mashine, akapitisha kidole gumba juu ya lakiri. "Haijaguswa. Safi sana, mama. Wengi nawakuta wameshaifungua, nalazimika kuwaacha hivyo hivyo." Akalitazama begi lake la vifaa bila kulifungua, akashusha pumzi.

"Sasa nina tatizo la aibu. Hizi skrubu ni za kampuni, kichwa cha nyota chenye kitundu katikati. Bisibisi yake haiuzwi dukani, kila fundi hupewa moja tu. Yangu imepotea. Huwa naazima ya mwenzangu, leo kaenda nayo upande wa pili wa mji. Nilitumaini utakuwa mfano wa zamani wenye skrubu za kawaida. Itabidi nirudi mwezi ujao, nyingine ikiletwa."

"Mwezi ujao!" wifi alisema.

"Nisamehe, mama. Wameshanikata mshahara kwa ajili yake, na nimeambiwa sina uangalifu." Aliongea huku bado amepiga magoti, kama anayejisemea. "Hata sijui niliiweka wapi. Nilidhani ilibaki mfukoni kwenye nguo za kufua. Lakini bibi mwenye nyumba wangu ana dobi wake, na nilipomuuliza alinikasirikia. Aliniambia dobi huyo hata kifungo hurudisha, nisimtie doa mtu wa watu. Basi nikaona kweli, nimeipoteza mwenyewe."

Akainama kuokota begi. Kola ya ovaroli ikafunuka shingoni, na pale, kwa ndani, kulikuwa na mishono mitatu ya uzi wa kijani.

Mama Povu aliiona. Na katika kuiona akakumbuka kitu kingine, chuma kidogo chenye mpini mweusi alichokitoa katika mfuko wa pajani wa ovaroli, asubuhi ya ile Jumamosi, kabla ya ile harufu ya nywele zilizoungua. Alikiweka kwenye kopo. Kilikuwa bado kwenye kopo, bila karatasi, bila uzi.

Pale aliposimama, rafu ilikuwa nyuma ya bega lake. Angeweza kunyamaza. Fundi angekwenda zake, mwezi ujao angerudi na bisibisi mpya, mashine ingetengenezwa kwa dhamana, vidole vingepona. Kijana angeendelea kuitwa mzembe kazini kwake. Na huko mtaa wa juu bibi mwenye nyumba angeendelea kuapa kwa jina la dobi ambaye hata kifungo hurudisha.

Akageuka, akalishusha kopo.

"Wifi," wifi alisema haraka, akiona tu kwamba kuna jambo, "chai inafurika jikoni!"

"Hatujabandika chai." Mama Povu alichakura kwa kidole, akakitoa kile chuma, akamwekea fundi kiganjani.

Fundi alikigeuza. Kwenye mpini palikuwa na alama ya rangi ya kucha, nyekundu. "Hii ni yangu," alisema. Kisha akainua macho. "Hii ni yangu kabisa."

"Ilikuwa kwenye mfuko wa pajani. Gusa kola yako kwa ndani. Kijani, mishono mitatu, ndio wewe." Sauti yake ilikuwa kavu. "Dobi wa bibi ni mimi. Siku ile mashine ilizimika nguo zako zikiwa ndani, nikachanganyikiwa, nikazitoa bila kitu chako. Haijawahi kunitokea. Na hizo jezi za uani si za wanangu. Nina mtoto mmoja, na mpira haujui hata kuushika."

Wifi aliketi kitandani taratibu. "Basi," alisema. "Tumekwisha."

Fundi alikuwa anapapasa ile mishono kwa kidole, kama mtu aliyeambiwa ana kovu ambalo hakulijua. "Mama, unajua kwa kunipa hii umejifanyia nini?"

"Najua."

"Ungesubiri tu niondoke."

"Ningekaaje na kitu chako?" aliuliza, na hakuwa akijigamba. Alikuwa anauliza kweli.

Fundi akageukia mashine. Alichana lakiri, skrubu zikatoka moja baada ya nyingine, kifuniko kikaja. Akachomoa bodi, kibao chembamba cha nyaya kilichokuwa na doa jeusi pembeni, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Nazijua hizi," alisema. "Zinaungua pale pale, zote. Hata ungekuwa unafua leso moja kwa wiki ingeungua tu, mama. Nguo za watu hazihusiki kabisa."

"Na wakubwa zako wanajua?"

Alikuwa anafuta vidole kwa kitambaa, akafuta muda mrefu kuliko vilivyohitaji. "Ghalani kuna rafu nzima ya bodi mpya za mfano huu. Mtu haweki akiba ya namna hiyo kwa kitu asichokijua."

Akatoa simu ya kazini, ambayo ndiyo anayoitumia kutoa taarifa. Wifi akasogea karibu. "Andika ni nguo za nyumba, baba. Nani atakuja kuhesabu?"

"Huwa wanapigia majirani. Mwenzangu mmoja aliandika hivyo, hayupo tena."

Wote wawili wakamtazama Mama Povu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, pale pale alipokuwa akikaa kutazama nguo zikizunguka, mikono yake imelala mapajani, viganja juu. Kioo cha mashine kilikuwa cheusi.

"Andika ulichokiona," alisema.

Fundi akaandika, na alipomaliza akasoma kwa sauti ili asiwe amemwendea kwa siri: mteja ni dobi, anafulia watu kwa malipo. Lakiri ilikuwa nzima. Bodi imeungua kwa ubovu wa kiwandani, na ingeungua kwa mtumiaji yeyote. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili, kisha akabonyeza. Mlangoni, alipokuwa akivaa viatu, alitaka kusema neno, akaona jezi, akasema, "Msalimie kipa."

Wifi alimlaumu Mama Povu mpaka jua likazama, na kesho yake akaja mapema akakunja mikono ya gauni, akaketi kwenye beseni la pili. Hakusema amekuja kusaidia. Alisema kwake kuna joto.

Jibu lilichukua muda. Mama Povu alifua huku amefunga vidole kwa vipande vya kanga, na vipande vyenyewe vikawa nguo nyingine ya kufua. Hakujutia kurudisha chuma kile. Alichojutia ni zile siku kilipokaa kwenye kopo huku mtu akitukanwa kazini kwake. Alimfikiria pia msichana wa simu mwenye sauti tamu. Alijiuliza kama naye ana kitu chochote ambacho kikiharibika ni juu yake, au kampuni ni watu wengi ambao kila mmoja ameshika kipande kidogo mno cha kuweza kuomba radhi.

Alipopiga, alikuwa msichana yule yule. "Mama, dhamana yako imefutwa kwa sababu ya aina ya matumizi. Hata hivyo kampuni, kwa hisani yake, itakupatia bodi mpya bila malipo. Ufundi utajitegemea."

"Hisani," Mama Povu alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini iliungua yenyewe."

Kwa mara ya kwanza sauti ya msichana ikawa ya mtu. "Hapa nimeandikiwa hisani, mama. Ndilo neno nililopewa."

Mama Povu akamshukuru, maana aliona naye ni mtu wa kutumwa, akakata simu. Alikaa kidogo akifikiria lile koti la muuguzi. Siku ile alipolinunua, neno hisani halikumjia hata kidogo.

Fundi aliileta bodi siku yake ya mapumziko, akiwa amevaa shati la kawaida na begi begani. Aliifunga kimya kimya. Taa zikawaka, ngoma ikajizungusha mara moja kama mtu anayejinyoosha, na wifi akapiga kigelegele kilichomtoa jirani nje. Fundi alikataa malipo ya ufundi. Mama Povu naye akakataa kukataliwa.

"Ulikatwa mshahara kwa kosa langu," alisema. "Kilichoingia mikononi mwangu ni juu yangu. Nguo zako nitazifua bure mpaka hicho walichokukata kirudi."

"Mama, wewe umenirudishia bisibisi. Na wao wakasema pesa ikishakatwa haina njia ya kurudi."

"Huo ni utaratibu wao. Huu ni wa kwangu."

Fundi akaangalia chini, akacheka, akakubali.

Lakiri mpya haikubandikwa. Mashine sasa haina dhamana ya mtu yeyote, na ikiungua tena itakuwa imeungua. Mama Povu huizima kila anapotoka chumbani, hata kwa kwenda kumwaga maji tu, na huisikiliza inavyonguruma kama mtu anavyosikiliza kifua cha mtoto. Vidole vimeanza kuziba, isipokuwa kimoja.

Mfuko wa mtaa wa juu bado unakuja kila Jumamosi. Ovaroli ya mishono mitatu huwa imekunjwa peke yake juu ya nyingine, mifuko yake yote imegeuzwa nje, mitupu, inaning'inia kama masikio, ili dobi asipate taabu. Mama Povu huitazama, hutabasamu. Kisha huirudisha mifuko ndani, mmoja mmoja, na kuingiza mkono.